Sumaku ya Ukunda haikuokoa hata tone

Video ya ile Hiace iliyofungwa sumaku kwenye paipu ya petroli imezunguka simu za madereva kuanzia Likoni hadi Lunga Lunga, na sidhani kuna msomaji wa safu hii ambaye haijamfikia. Safari ya kwanza bila kifaa, Ukunda hadi Msambweni na kurudi. Safari ya pili na kifaa, njia ile ile. Tanki likajazwa, pampu ikakata, muuzaji akapaza sauti kwamba lita nzima imeokolewa, asilimia 20! Niseme mapema tusipotezeane muda: sumaku ile haikuokoa hata tone. Jaribio liliharibika kabla gari halijaondoka mara ya pili, tena mbele ya kamera.

Rudisheni video hadi pale injini inapofunuliwa. Fundi anafunga sumaku, sawa. Lakini mkono hauishii hapo. Anatoa eya klina iliyojaa vumbi, anaweka mpya. Anatoa plagi nne, anaweka nne mpya. Pembeni kijana anatia upepo tairi, na mwenye gari anatikisa kichwa kuridhia. Hapo ndipo mwenye gari alipokosea. Uamuzi wa kufanya sevisi siku ile ile, saa ile ile, katikati ya safari mbili zinazolinganishwa, uliua kila kitu kilichofuata. Ni sawa na mgonjwa kunywa dawa ya hospitali na kuvaa hirizi siku moja. Akipona, mganga ndiye anayepelekewa kuku.

Tuvipime vitu vyenyewe. Eya klina naiweka kando, kwa sababu kwenye injini ya injekta ikiziba huiba nguvu kuliko inavyokula mafuta. Kompyuta hupunguza petroli kulingana na hewa iliyoingia. Plagi ni habari nyingine. Plagi iliyoliwa hukosa cheche mara kwa mara, na kila cheche inayokosekana ni petroli inayotoka nzima kwenye ekzosi. Tairi nazo: ukipungukiwa na pauni kumi za upepo, umepoteza kama asilimia mbili ya mafuta. Gari lilirudi kutoka Msambweni likiwa na afya zaidi, na sifa akapewa mgeni aliyening'inia kwenye paipu.

Halafu kuna ile pampu. Ukunda hadi Msambweni na kurudi ni kama kilomita 50. Hiace ya petroli inayokwenda kilomita kumi kwa lita itakunywa lita tano. Sasa, kila aliyewahi kushika mkono wa pampu anajua haikati mahali pamoja kila mara. Gari likiegeshwa na kamwinuko kidogo, petroli ikitoa povu, mhudumu akibana kwa nguvu, tofauti ya lita moja si ajabu. Lita moja kwenye lita tano ni asilimia 20. Angalieni tena: mara ya kwanza mhudumu anaongeza kidogo kidogo baada ya pampu kukata, mara ya pili anatundika mkono papo hapo. Muuzaji alikuwa anatuuzia kosa la pampu kwa bei ya sumaku. Wangekwenda mpaka Lunga Lunga mara kadhaa, kosa hilo lingemezwa na umbali. Nawapa haki yao kwa hili tu: dereva alikuwa mmoja na kituo cha petroli kilikuwa kimoja.

Wala hakuna aliyehesabu abiria. Asubuhi gari limejaa hadi mlangoni, jioni linarudi na watu wanne. Nahodha wa Gazi au Shimoni hawezi kufanya uzembe huo. Akikuambia mashine yake imekula lita ngapi, atakuambia pia kusi ilivumaje na maji yalikuwa yakienda wapi.

Kuhusu sumaku yenyewe sina mengi. Petroli haishikwi na sumaku kwa kiasi chochote cha maana, na injini nzima ya kisasa huchoma zaidi ya asilimia 98 ya mafuta yanayoingia. Nguvu nyingi hupotea baada ya kuungua, kama joto la rejeta na ekzosi, na huko sumaku haifiki. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limekuwa likipima vifaa vya aina hii tangu miaka ya 1970, zaidi ya 100, na vichache mno vilionyesha nafuu, tena ndogo. Kile cha kuchomeka chini ya usukani wengine walikifungua wakakuta saketi ya kuwasha taa. Na ile mitungi ya kutengeneza haidrojeni kwa umeme wa alteneta inadai injini ijilishe yenyewe.

Kinachonikera zaidi hakimo hata kwenye maelezo ya video. Injini ikiwa wazi, anayejua kutazama ataona dalili kwamba gari halina thamostati. Nimepiga kelele juu ya jambo hili mpaka mhariri amechoka. Mafundi wetu wa Pwani huing'oa na kuitupa, wakisema ni ya nchi za baridi, hapa Diani jua lipo la kutosha. Thamostati haikuwekwa kwa ajili ya theluji. Inayazuia maji mpaka injini ifike nyuzi 80 na kitu, joto ambalo ilitengenezewa. Ukiing'oa, injini inazunguka ikiwa vuguvugu barabara nzima, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imeamka, inaongeza petroli. Mtu ametoa kifaa cha kiwanda kinachobana mafuta, kisha ananunua cha stejini.

Mafundi wa enzi za Peugeot 504 wasingefanya hivyo. Walichomoa plagi wakaisoma rangi: kahawia yenye kijivu, sawa, nyeusi ya masizi, kabureta inamwaga, nyeupe, njaa. Joginder Singh alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, na mwaka 1965 alishinda mbio za Safari Rally kwa Volvo PV544 iliyokwishatumika. Gari kuukuu, mikono inayojua. Akarudia 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer.

Na kama mnataka kifaa cha kufungwa ambacho kweli kinapunguza mafuta, John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, alishatuletea. Sheria zake za mwaka 2003, zilizoanza kushika matatu Februari 2004, zilileta spidi gavana ya kilomita 80. Aliileta kwa ajili ya roho za watu, lakini upepo unaolikabili gari huongezeka kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 kwenda 110, ukinzani unakaribia mara mbili. Waya wa gavana ndio wa kwanza kukatwa. Oktoba 2023 petroli ilipofika shilingi 217 Nairobi, na hapa Pwani pungufu ya hapo kidogo tu, sikuona hata mmoja akiirudisha. Niliona sumaku.

Kwa hiyo ombi kwa wenye sako za matatu za Kwale. Anayekuja na kifaa, mwambieni kipimwe hivi: gari lisiguswe kitu kingine, petroli itoke kwenye mtungi unaopimwa kwa mizani ya samaki kabla na baada, safari ziwe na kifaa, bila kifaa, kisha na kifaa tena, na dereva asiambiwe lini kimefungwa. Akikataa, mmewahi. Pesa iliyobaki inunue geji ya upepo, plagi, na thamostati.