Wanza Alisema Nini?

Nilitazama The Constant Gardener kwenye simu, mimi na binamu yangu, hapa Machakos, bando zikikaribia kuisha. Jina la mgonjwa lilipotajwa tukaangaliana. Wanza. Na ndugu yake mdogo ni Kioko. Haya ni majina ya kwetu kabisa. Ita Kioko pale stendi uone watu wangapi watageuka.

Filamu hii ya 2005, iliyotokana na riwaya ya John le Carré ya 2001, inahusu kampuni inayowajaribia maskini wa Kenya dawa ya kifua kikuu. Ukikataa dawa, unakosa matibabu. Wanza anakufa. Kuanzia hapo hadithi ni ya Wazungu wawili, mapenzi yao na uchunguzi wao. Rachel Weisz akapata Oscar.

Sisemi ni chumvi. Mwaka 1996 huko Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa ya Trovan kwa watoto wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo. Wazazi walisema hawakuambiwa kwamba ni jaribio, kampuni ikakana. Baadaye magazeti yakafichua kwamba barua ya idhini ya kamati ya maadili iliandikwa baada ya kazi kwisha. Mwaka 2009 kampuni ilikubaliana na jimbo la Kano kulipa dola milioni 75.

Shida yangu na filamu ni nyingine. Hakuna mahali tunapomwona Wanza akiulizwa. Tunaona kitanda chake, mtoto wake, kifo chake. Ile dakika ya kusema ndiyo haipo.

Mimi naijua hiyo dakika. Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, nilipata kibarua cha kujaza dodoso vijijini. Nililipwa kwa kila fomu. Muhuri wa kamati ulikuwepo, kibali kilikuwepo, hata tafsiri ya Kikamba ilikuwepo. Susu mmoja alinipa kiti cha pekee kilichokuwa uani, yeye akakalia mtungi. Kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza akasema, "Sawa mwanangu, andika."

Nikamwambia ana haki ya kukataa.

"Nikikataa, watakulipa?"

Nikasema hapana. Akanyoosha kidole gumba.

Kamati huuliza kama mhusika ameelewa. Susu alielewa kuliko kamati. Kwetu mgeni hafukuzwi mlangoni, sembuse kijana aliyetumwa, mwenye viatu vya vumbi. Ridhaa yake haikuwa ya utafiti. Alinikubalia mimi. Kwenye fomu hakuna kisanduku cha jibu kama hilo, na tafsiri nzuri ya Kikamba isingekileta.

Ndiyo maana filamu inanikera. Inatafuta wahalifu kwenye ofisi kubwa, na kweli wapo. Lakini inamruka mtu wa katikati, yule anayeongea lugha ya Wanza na anayehitaji hela ya kodi. Angewekwa kwenye hadithi, Wanza naye angelazimika kuongea. Labda angeuliza swali. Labda angekubali kwa kumhurumia tu aliyeshika kalamu.

Fomu ya Susu ilihesabiwa kuwa ndiyo. Tiki niliweka mimi.