Neno "Ardhioevu" na Yanayofichwa Ndani Yake

Makala haya yanakusudia kuhakiki neno moja tu. Neno lenyewe ni ardhioevu. Mwanafunzi wa Kiswahili hapa Kampala hukutana nalo katika matini za ufahamu, katika mazoezi ya tafsiri na katika insha za mazingira. Hulikariri, hulitumia, hupata alama zake na kuendelea. Hoja yetu ni kwamba neno hili linafaa katika sheria na takwimu, lakini likifundishwa peke yake huficha mambo yale yale ambayo mtu anayetaka kuhifadhi au kurejesha mahali pa namna hii hana budi kuyajua.

Kwanza tulitendee haki. Mkataba uliotiwa saini mjini Ramsar, Iran, mwaka 1971 ulihitaji istilahi pana mno. Unajumuisha vinamasi, mabwawa, kingo za mito, mashamba ya mpunga, hata maji ya bahari yasiyozidi kina cha mita 6 wakati wa maji kupwa. Uganda ilijiunga na mkataba huo mwaka 1988, ikapitisha sera yake ya kitaifa kuhusu maeneo haya mwaka 1995, na mwezi wa Novemba 2005 mkutano wa tisa wa nchi wanachama ulifanyika hapa hapa Kampala. Kiswahili kisingeweza kubaki nyuma bila istilahi ya kubeba dhana hiyo. Ardhioevu liliziba pengo, na hatupendekezi lifutwe.

Hata hivyo, lina kasoro mbili. Ya kwanza imo katika muundo wake. Neno limeundwa kwa kufuata Kiingereza kipande kwa kipande: ardhi, kisha oevu. Ardhi ndiyo nomino. Unyevu ni sifa tu, na sifa yaweza kuondolewa. Msikilizaji anapata picha ya kiwanja ambacho kwa bahati mbaya kimelowa, na ambacho kikimwagiwa vifusi kitakauka na kuwa kiwanja kama vingine. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 237, inasema kinyume: serikali inayashikilia maeneo haya kwa amana, kwa niaba ya wananchi wote. Pamoja na hayo, hati za kumiliki ziliendelea kutolewa, hata Baraza la Mawaziri likaamua mwaka 2014 kwamba hati zilizopatikana humo baada ya 1995 zifutwe. Takwimu za serikali zinaonyesha kuwa maeneo haya yalikuwa asilimia 15.6 ya nchi mwaka 1994, yakashuka hadi asilimia 10.9 mwaka 2008. Hatudai kuwa neno ndilo lililomwaga vifusi. Tunadai kuwa mwalimu anayelifundisha bila kulifafanua hamsaidii mwanafunzi kuelewa kwa nini vifusi ni kosa.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi: neno hili halitofautishi. Tuchukue mfano wa Nakivubo. Maji taka ya jiji hupita katika mfereji wa Nakivubo, hupita katika kinamasi, kisha huingia Ghuba ya Murchison katika Ziwa Viktoria. Katika ghuba hiyo hiyo, huko Ggaba, ndiko maji ya kunywa ya Kampala yalikochotwa kwa miongo mingi. Yaani kati ya choo na mtungi palikuwa na mafunjo. Watafiti wa uchumi walikadiria mwaka 1999 kuwa kazi za kinamasi hiki zilikuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 za Marekani kwa mwaka.

Lakini je, ni kitu gani hasa kilichofanya kazi hiyo? Utafiti wa Frank Kansiime na Maimuna Nalubega, uliotolewa pia mwaka 1999, ulionyesha kuwa hata ndani ya Nakivubo mimea haikuwa sawa. Mafunjo yalisafisha maji vizuri zaidi kuliko majani marefu yaliyoota kando yake. Sababu mojawapo ni kwamba mafunjo huelea juu ya mkeka wa mizizi, na maji machafu hugusana na mizizi hiyo yakapungukiwa na naitrojeni na fosforasi. Mahali pakichimbwa mitaro na kupandwa magimbi na miwa, maji hukimbia moja kwa moja ziwani. Kwa mtazamaji aliye barabarani, pote ni kijani na pote ni majimaji. Kwa neno ardhioevu vile vile, pote ni pamoja. Anayetaka kurejesha Nakivubo lazima aweze kusema: hapa palikuwa na mafunjo, na mafunjo ndiyo yanayotakiwa kurudi.

Upungufu huu si wa lugha yenyewe. Pwani, ambako Kiswahili kilizaliwa, wavuvi na wakata miti wana msamiati wa kutosha. Sisi wa bara husema "mikoko" kwa kila mti unaoota katika maji ya chumvi. Wao hutenga mkoko, mchu, mkandaa, msinzi, mlilana, mkomafi, kikandaa na msikundazi, ingawa majina mengine hubadilika kutoka mwambao mmoja hadi mwingine. Miti iliyokatwa nayo huitwa kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Wanajua pia kuwa mlilana husimama mbele kwenye ukingo wa bahari, na mkandaa hukaa nyuma, mahali ambapo maji hayafiki kila siku.

Ujuzi huo una matokeo. Mche wa mkoko ni mrefu, huning'inia mtini na huchomekwa tu matopeni. Kwa hiyo ndio upandwao kwa wingi, hata mahali pasipo pake. Sri Lanka, baada ya tsunami ya mwaka 2004, miche ilipandwa katika maeneo mengi ya pwani. Watafiti waliporudi kukagua maeneo 23, waliyakuta 9 hayana hata mti mmoja uliosalia. Sababu kubwa ilikuwa kupanda mahali pasipofaa. Kwa upande mwingine, huko Gazi katika Kaunti ya Kwale, Kenya, majaribio ya kupanda yalianza mapema miaka ya 1990, na tangu 2013 wanakijiji hutunza hekta 117 chini ya mradi wa Mikoko Pamoja na kuuza hewa ya kaboni. Huko aina ya mti na mahali pake hutajwa kabla ya mche kuchomekwa.

Sasa turudi darasani. Tukimwambia mwanafunzi aepuke ardhioevu atafute neno la zamani, tutamwingiza katika mitego mingine. Bwawa, kwa msomaji wa Tanzania, huweza kuwa maji yaliyozuiwa kwa ukuta ili kuzalisha umeme. Kinamasi ni utelezi wa matope, na pia ni ute wa bamia. Tingatinga ni mahali penye matope yanayotikisika, lakini siku hizi wengi watafikiria lile trekta linalokuja kupafukia. Kwa hiyo dawa si neno moja badala ya jingine.

Tunapendekeza mambo mawili. Mosi, kila matini inayotumia ardhioevu iambatane na swali hili: ni ya namna gani, na kunaota nini? Pili, wanafunzi wakusanye majina ya mimea na mahali kutoka katika lugha zao, kuanzia Luganda chenye entobazi na ebitoogo, kisha watafute yanayolingana nayo katika Kiswahili. Pasipo neno, waeleze kwa sentensi.

Huenda msomaji akasema kuwa kazi yetu ni lugha, si mazingira. Ni kweli. Lakini Juni 2024 watu walihamishwa kutoka Lubigi kwa kuwa wamejenga katika ardhioevu, na mtu anayeondolewa nyumbani kwake anastahili kuelezwa kwa maneno yanayoonyesha maji yatokako, yaendako na kinachoyasafisha njiani. Maneno hayo ndiyo kazi yetu.