Kikwapa na Deraya

Kanzu ina kipande ambacho mvaaji hakijui mpaka kikosekane. Badani hukatwa ya mbele na ya nyuma, taharizi huingizwa ubavuni ili pindo lipate upana, mikono hufuata. Kisha, chini ya kila mkono, fundi hupachika kitambaa kidogo cha pembe nne kisichozidi kiganja. Hicho ndicho kikwapa. Bila hicho, mtu akinyanyua mkono kuchukua kitu darini nguo yote humpanda, na akilazimisha, mshono huachia. Neno hilohilo tumelipa pia harufu ya jasho, na huenda ndiyo maana washairi wetu wamekikwepa.

Kipande hicho, kwa kazi ileile, kimo katika nguo za Ulaya za miaka mia sita au saba iliyopita. Nguo za wakati huo tunazijua kidogo sana, kwa kuwa nguo huoza, na za watu wa kawaida huvaliwa mpaka ziwe matambara. Lakini mwaka 1921 Mdenmarki Poul Nørlund alifukua makaburi ya Herjolfsnes, kusini mwa Greenland, ambako watu walizikwa wamefungiwa nguo zao wenyewe kwa kukosa mbao za jeneza, na ardhi iliyoganda ikazitunza. Mwaka 1936, katika kinamasi cha Bocksten nchini Sweden, ikapatikana maiti ya mwanamume wa karne ya 14, imekandamizwa kwa vigingi, na juu yake joho, kofia yenye kufunika mabega, soksi ndefu na vazi la sufu lililotiwa vipande vya pembetatu kuongeza upana. Fundi wa kanzu angelitazama mara moja akasema: hizo ni taharizi. Kwenye masalio ya namna hiyo ndiko wanakoanzia kazi watu ninaotaka kuwasifu hapa: mafundi wa maigizo ya Zama za Kati, wanaoshona, kufua na kusokota kila kitu kinachovaliwa na kushikwa katika maigizo hayo.

Wengi huyajua maigizo yenyewe kwa picha. Kila Oktoba, katika mji wa Battle kusini mwa Uingereza, watu huvaa chapeo na kurudia mapigano ya Hastings ya 14 Oktoba 1066, kwenye viwanja vya abasia iliyojengwa kwa kumbukumbu ya vita hiyo. Kila Julai hukutana Grunwald, Poland, kurudia vita ya mwaka 1410. Tangu mwaka 1984 mji wa Visby, katika kisiwa cha Gotland, huwa na wiki nzima ya Zama za Kati kila Agosti. Kuna farasi, kuna moshi, kuna watoto wenye panga za mbao na watu wazima wenye vikombe vya pombe. Sina ugomvi na tamasha hilo, ila sifa yangu haiko pale uwanjani. Iko mezani kwa yule aliyekesha akishona, kwa sababu yeye anafanya jambo ambalo vitabu peke yake haviliwezi: anauliza swali kwa mkono, na kitu alichoshika kinamjibu.

Chukua deraya ya pete. Kwenye kabati la kioo inaonekana kama sweta la chuma. Aliyeifuma anajua kwamba kila pete imekumbatia nyingine nne, na kwamba shati moja hula makumi ya maelfu ya pete. Waya huzungushwa kwenye fimbo na kukatwa duara kwa duara. Ncha za kila pete hupondwa kwenye fuawe mpaka ziwe bapa, hulazwa moja juu ya nyingine, hutobolewa, kisha tundu huzibwa kwa ribiti ndogo kuliko kichwa cha pini. Wengi wa walioanza mchezo huu waliiruka hatua hiyo ya mwisho. Walibana tu ncha zikakutana, wakaona imetosha. Likaja pigo zito, pete zikafunguka. Ribiti ile, ambayo mtazamaji angeidhani madoido ya fundi asiye na haraka, ndiyo deraya yenyewe. Hivyo hivyo mkanda. Katika michoro ya kale unaweza kuudhani ni wa kubebea upanga basi. Mtu aliyebeba kilo 10 na zaidi za pete mabegani kutwa nzima anajua kwamba mkanda ukikazwa kiunoni na deraya ikavutwa juu kidogo, sehemu nzuri ya mzigo huhamia nyongani, na mabega hupumua. Hilo halihitaji maandishi. Linahitaji jioni moja ya maumivu.

Visby yenyewe ina ushahidi mzito zaidi. Tarehe 27 Julai 1361 jeshi la Mfalme Valdemar wa Nne wa Denmark liliwaua wakulima wa Gotland nje ya kuta za mji. Lilikuwa joto la kiangazi, waliokufa walikuwa wengi, wakazikwa haraka ndani ya mashimo ya pamoja, baadhi yao bila hata kuvuliwa deraya. Wachimbaji wa karne ya 20 walifikia mabaki ya watu zaidi ya elfu moja. Kwenye vifua vya baadhi yao vilibaki vibamba vya chuma vimepangana. Kitambaa au ngozi iliyovishikilia ilikuwa imeoza zamani. Bengt Thordeman, aliyechapisha matokeo ya uchimbaji huo mwaka 1939 na 1940, alipanga vibamba hivyo upya na kuonyesha vazi lilivyokaa. Kazi hiyo ya msomi mafundi wameiendeleza kwa nyundo, na wakikata ngozi na kugonga ribiti wanakutana na mambo ambayo mchoro hausemi. Baadhi ya mavazi hayo, kwa mfano, hufungwa mgongoni. Mtu hawezi kujivika peke yake. Kwa hiyo nyuma ya kila mkulima aliyekwenda kufia nje ya mji ndani ya vazi la namna hiyo kulikuwa na mikono mingine iliyomfunga vifungo, ya ndugu, au jirani, au mke. Mifupa haikusema hivyo. Vibamba vilisema, vilipovaliwa.

Hapa ndipo lilipo pingamizi la kwanza, nalo ni la haki: kuvaa si kujua. Mwigizaji wa leo amekula akashiba, meno yake yana daktari, upanga wake ni butu na jioni atapanda gari arudi nyumbani. Nusu ya vita ni hofu ya kufa, naye hiyo hana. Atawezaje kutuambia lolote kuhusu waliokuwa nayo? Nakubali, tena nakubali bila kupunguza neno. Igizo haliwezi kuthibitisha kwamba jambo lilifanyika hivi. Linaloweza, na si dogo, ni kuonyesha kwamba halikuwezekana vile tulivyodhani. Filamu ya Henry V ya mwaka 1944 ilimwonyesha shujaa akiteremshwa juu ya farasi wake kwa kapi, kama gunia la saruji, na vizazi viwili vikaamini kwamba mtu wa deraya ya mabamba akianguka haamki. Nakala zilizotengenezwa kwa uzito wa kweli, kilo 20 hadi 25 kwa nyingi zilizokusudiwa vita, na zilizokatwa kwa kipimo cha mwili wa mvaaji, zimeiua imani hiyo. Watu wamezivaa wakapanda ngazi, wakalala chini, wakainuka.

Na igizo hilohilo limewasuta hata waigizaji wenyewe, kwani baada ya kapi kuzikwa walianza majivuno ya upande wa pili, kwamba chuma chepesi hivyo si mzigo kabisa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds waliwaweka kwenye mashine ya kukimbilia watu wanne wa makumbusho ya Royal Armouries waliozoea kupigana wakiwa na nakala za deraya za karne ya 15, hizi zikiwa za kilo 30 hadi 50, wakapima pumzi zao. Kutembea na kukimbia kuliwagharimu nguvu mara mbili hivi ya kawaida. Mzigo wa namna ile ukibebwa mgongoni haungewachosha kiasi hicho. Deraya huweka kilo kadhaa kwenye miguu, na kila hatua ni kuurusha mguu wenye chuma. Tena kifua kilichobanwa hakiwezi kuvuta pumzi ndefu. Jibu hilo liko katikati, mbali na kapi na mbali na majivuno, na lisingepatikana bila fundi kutengeneza nakala nzuri na bila mtu kuizoea mwilini mwake kwa miaka.

Pingamizi la pili linauma zaidi. Mbona kila mtu anataka kuwa shujaa wa farasi? Zama za Kati zilikuwa pia za watwana waliofungwa kwenye ardhi ya bwana, za njaa, za tauni iliyoanza kuisomba Ulaya mwaka 1347. Kuzirudia kwa bendera na tarumbeta ni kuzipaka rangi. Tena bendera hizo zina wenyewe: Grunwald si uwanja mtupu, ni jina lililotumiwa na wazalendo wa Poland na wa Ujerumani kutupiana mawe kwa karne nzima. Historia ya mchezo wenyewe haisaidii. Agosti 1839 mwungwana mmoja wa Scotland, Lord Eglinton, alifanya mashindano makubwa ya mikuki kwenye kasri lake. Umati ukaja, mvua ikanyesha, miavuli ikafunguka juu ya mabibi na mabwana, na ufahari wote ukaishia matopeni. Mavazi yale yalinunuliwa kwa muuza vitu vya kale jijini London. Ulikuwa usiku wa Ulaya ya viwanda ukiota ujana wake.

Lakini tazama walikokosea watu wa Eglinton: walinunua. Anayenunua huchagua ndoto, na anayetengeneza hulazimika kuhesabu. Mtu akiamua kushona vazi la sufu kwa njia ya wakati ule, kuanzia kwenye manyoya ya kondoo, ushujaa humtoka mapema. Atasokota. Atasokota siku nyingi kabla hajapata uzi wa kutosha mtande, na bado mshindio unamngoja, kisha atagundua kwamba kufuma ndiko kulikokuwa kwepesi. Hapo ataelewa kwa nini nguo za zamani zilikatwa kwa vipande vya mstatili na pembetatu vinavyolaliana pasipo kubakiza mabaki, na kwa nini kikwapa, ambacho hutoka kwenye pembe ya kitambaa ambayo ingetupwa, ni akili wala si umaskini. Ataelewa pia ni nani aliyevisha Zama za Kati: wanawake, kwa vidole vyao, saa zote ambazo hawakuwa wanafanya kazi nyingine. Hakuna sanamu ya msokotaji mbele ya kasri, ila uzi wake ulikuwa chini ya kila deraya.

Rangi nazo zimepata wakili. Tumezoeshwa na sinema kwamba mkulima wa zamani alivaa kahawia na kijivu. Wanaotia rangi kwa njia za kale, kwa mizizi inayotoa nyekundu, mmea unaotoa njano na majani yanayochachushwa kutoa buluu, pamoja na shabu ya kuishikisha rangi kwenye sufu, hutoka na nguo za kung'aa kama kanga mpya. Si kila mtu aliimudu rangi kali, lakini ulimwengu wa tope tupu ni uvumbuzi wa sinema.

Pingamizi la tatu, kwamba huu ni mchezo wa watu wazima wenye fedha na muda, silijibu kwa maneno mengi. Mwaka 1997, huko Guédelon katika jimbo la Burgundy, kundi lililoongozwa na Michel Guyot lilianza kujenga kasri la mtindo wa karne ya 13 kwa zana na mbinu za karne hiyo: mawe ya machimbo ya hapohapo, kamba, patasi, shoka. Wapo waliocheka. Tarehe 15 Aprili 2019 paa la kanisa kuu la Notre-Dame jijini Paris likaungua, na Ufaransa ikaamua kulirudisha kwa mialoni iliyochongwa kwa mkono. Miongoni mwa maseremala walioitwa walikuwemo waliojifunza kushika shoka Guédelon. Kanisa likafunguliwa tena Desemba 2024.

Kwetu pwani jambo hili la kuuliza kwa mkono si geni, ingawa hatulivishi chapeo. Mtepe, jahazi la mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, ulitoweka baharini mapema katika karne ya 20, ukabaki kwenye vijinakala vya makumbusho. Waomani walipotaka kujua jahazi la kushonwa la karne ya 9 lilisafirije, hawakuandika kitabu kingine. Walijenga la urefu wa mita 18, kwa mfano wa lile lililozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, wakaliita Jewel of Muscat, wakalitoa Muscat Februari 2010, nalo likafika Singapore Julai mwaka huohuo. Njiani mabaharia walijifunza lilivyovuja na lilivyonyumbuka, mambo ambayo mbao zilizo chini ya bahari zilikuwa zimeyanyamazia.

Nguo haihitaji bahari wala serikali. Ukipita kwa fundi wa kanzu anayekata badani kwa jicho, mwombe akuonyeshe kikwapa kabla hajakipachika. Kikishashonwa hakionekani tena.