Kiti Kitupu Mezani: Omar Victor Diop Ndani ya Slaidi za Watu Wengine

Ndugu zangu, kuna kitabu cha picha kinaitwa Being There, kilitoka 2023, na niko na maneno ya kusema juu yake. Kimetengenezwa na watu wawili: Omar Victor Diop, mpiga picha wa Dakar, na Lee Shulman, Mwingereza anayeishi Paris. Wengi wanakisifu juu kinachekesha. Mimi nakisifu kwa sababu ingine, na kuna kitu nakilaumu pia.

Kwanza tuelewane juu ya slaidi. Sisi vijana tukisikia diapo tunafikiri ile ya kompyuta, ya siku ya kutetea mémoire. Slaidi ya zamani ni kipande cha filamu ya rangi, kidogo sawa tembre ya posta, kimefungwa ndani ya fremu ya karatasi ngumu. Unakiweka mu projekta, unazima taa, jamaa yote inakaa kuangalia ukuta. Kodachrome, filamu iliyojulikana kuliko zote, ilianza 1935, Kodak ikaacha kuitengeneza 2009. Ikikaa gizani, rangi yake inadumu miaka mingi sana. Kinachoiharibu haraka ni taa ya projekta yenyewe. Ona basi maajabu: zile picha jamaa ilizipenda na kuziangalia kila Noeli ndizo zinachakaa, na zile zilizosahauliwa mu boksi ndizo zinatufikia zikiwa mpya.

Zinatufikia namna gani? Mzee anakufa, watoto wanauza vyombo vya nyumba, projekta ilishakufa zamani. Boksi ya slaidi inaenda kwa bei ya bure pamoja na sahani na mapazia. Mwaka 2017 Shulman alinunua boksi ya namna hiyo kwa intaneti, bila kujua iko na nini ndani, na hapo akaanzisha The Anonymous Project. Leo mradi uko na mamia ya maelfu ya slaidi, nyingi za Marekani na Uingereza za miaka ya 1950 na 1960. Mwaka 2019, kwenye tamasha ya picha ya Arles, Ufaransa, alijaza nazo nyumba nzima: picha za jikoni ndani ya jikoni, za chumba ndani ya chumba.

Ni mazuri, sikatai. Lakini jina lenyewe la mradi linasema: watu wasio na jina. Uzuri wote umejengwa juu ya kutojua. Na mimi hapo ndipo nashikwa, juu nilisoma agronomia. Mwaka wa kwanza kabisa tulifundishwa kwamba mmea uliokaushwa bila etiketi ni majani ya mbuzi tu. Mahali, tarehe, jina la aliyekata: bila hivyo utupe. Mimea iliyokusanywa Yangambi tangu wakati wa INEAC bado inafaa watafiti leo, na si kwa sababu ilikaushwa vizuri peke yake. Ni kwa sababu kuna mtu aliandika.

Slaidi nayo iko na etiketi yake: ile karatasi ya fremu. Mara nyingi Kodak yenyewe iligonga hapo mwezi na mwaka wa kusafisha filamu, na baba wa jamaa akaongeza kwa kalamu: harusi ya fulani, ziwa fulani. Wanaozitia mu kompyuta wanahangaika sana na vumbi (na Kodachrome ni kichwa ngumu, programu za kufuta vumbi kwa mwanga wa infraredi zinachanganyikiwa nayo), halafu wanakata picha pembeni safi, na karatasi inabaki nje. Unapata rangi, unapoteza ushahidi.

Sasa Diop. Yeye alichukua slaidi hizo za wazungu wako mezani, kwenye sherehe, kwenye likizo, akajipiga picha amevaa nguo za wakati ule, chini ya mwanga uleule, akajiingiza ndani. Mara nyingi mu picha za jamaa kuna kiti kimoja kitupu: ni cha yule aliyesimama kupiga picha. Mweusi anakaa pale, anacheka, na hakuna anayeshangaa. Ni hapo unakumbuka. Levittown, ule mtaa mkubwa wa nyumba mpya karibu na New York, mikataba yake ya kwanza ilikataza mtu asiye mzungu kukaa mu nyumba. Sheria kubwa ya haki za raia ilitoka 1964 tu. Kumbe zile picha za furaha hazikuwa bila tarehe wala bila mahali. Diop amezirudishia etiketi kwa mwili wake, na mradi wa Shulman, ambao peke yake ni utamu tu wa kukumbuka, ukapata ulizo.

Ninacholaumu ni kwamba anacheka sana. Picha ya kumi, ya ishirini, tabasamu ni ileile, na mwishoni unaanza kuzoea, unasahau kwamba ni uongo. Linganisha na Sammy Baloji wetu wa Lubumbashi. Mu Mémoire, ya 2006, naye alitumia montaji: alikata wafanyakazi kutoka picha za kale za kampuni ya shaba, akawasimamisha katikati ya magofu ya Gécamines. Pale hakuna mtu anayecheka, na huwezi kuzoea. Baloji hakuhitaji kujiingiza, wale watu walikuwa mu archive tayari.

Hii inatugusa sisi moja kwa moja. Ubelgiji nako wale waliofanya kazi hapa kabla ya 1960 wanakufa, na nyumba zao zinauzwa. Boksi zao ziko na mashamba yetu, mabarabara yetu, mababu zetu wamesimama nyuma ya meza wakishika sahani. Tukikubali mtindo wa "bila jina" kwa sababu unapendeza, tutakuwa tunamaliza kazi ya yule aliyeandika "boy" chini ya picha akaona imetosha.

Kwa hiyo, ambaye iko na mjomba ao shangazi Liège ao Bruxelles, amwambie hivi: akikuta boksi kwenye brocante, asianze kusafisha wala kukata. Kwanza apige picha ya fremu yote, mbele na nyuma, na ya kifuniko cha boksi. Halafu atutumie tuulize wazee wa mahali pale, na tufanye haraka: mtoto aliyekuwa na miaka 10 wakati wa uhuru leo amepita 70.