Mbegu Mbili kwa Kila Shimo

Uji wa wimbi hupoa kuanzia pembeni mwa bakuli. Kila aliyelea mtoto hapa Kegonga, Kuria, katika kaunti ya Migori, Kenya, anajua hilo, na baba ninayetaka kumweleza analijua pia, ila namna anavyolitumia ndiyo iliyonifanya niketi nimtazame. Hachovyi kijiko katikati. Huuzungusha uji taratibu hadi upande kuta za bakuli, akasubiri, kisha akakwangua ule utando mwembamba ulioshika pembeni. Huugusisha kwanza mdomoni mwake, halafu ndipo mtoto apewe. Mtoto akigeuza uso, kijiko hakimfuati. Baba hugeukia wale wakubwa, akamwambia mmoja afunge vifungo vya shati, akamuuliza mwingine kiatu cha pili kiko wapi. Punde yule mdogo, ambaye hajatimiza miaka miwili, hurudisha uso mwenyewe na kinywa kiko wazi.

Jina lake nitaliacha, maana hakuniomba nimwandike. Ni mkulima, na jioni hubeba abiria kwa pikipiki. Mkewe anauza mitumba Isebania, kule mpakani na Tanzania, na siku za soko huondoka na matatu ya alfajiri. Siku hizo watoto watatu, msichana wa miaka sita, mvulana wa minne na huyo mdogo, huamka wakamkuta baba jikoni.

Majirani husema anamsaidia mkewe. Husema kwa nia njema, tena kwa sifa, lakini mimi sikubaliani nao. Msaidizi hungoja kuelekezwa. Huyu anajua sweta ipi inamwasha mvulana shingoni, anajua msichana hunyamaza anapoanza kuugua badala ya kulia, anajua mdogo hulala haraka akishikwa sikio. Mambo hayo hakuyapata kwa maelekezo. Aliyapata kwa kuwatazama siku baada ya siku, na hivyo ndivyo fundi yeyote anavyopata ujuzi wake.

Chukua kazi ya kukata kucha. Wengi humketisha mtoto mbele yao, uso kwa uso, wakamvuta mkono, na mtoto akiuona wembe unamjia huuvuta mkono nyuma. Yeye humpakata, mgongo wa mtoto ukiegemea kifua chake, mikono ya wote wawili ikielekea upande mmoja. Akifanya hivyo ni kama anakata kucha zake mwenyewe, na mtoto huona kinachotendeka bila kukabiliwa nacho. Tena hufanya hivyo baada ya kuoga, kucha zikiwa laini. Nimemwona akimaliza vidole kumi huku mvulana akimsimulia habari za mbwa wa jirani.

Safari ya chekechea ndiyo iliyonifundisha zaidi. Asubuhi za milima hii ni za baridi, njia inapanda na kushuka, na mtu mzima angeimaliza upesi. Baba huyu huondoka mapema kupita kiasi, na nilidhani ni woga wa kuchelewa. Sivyo. Ameshaingiza ndani ya muda huo msafara wa siafu utakaokatiza njia, dimbwi la maji litakalotaka kurushiwa jiwe, na ng'ombe atakayehitaji kuhesabiwa ndama wake. Mvulana akisimama, naye husimama. Haiti, havuti mkono. Kwenye mwinuko mkali hasemi, "Njoo nikubebe." Hungoja aombwe. Akiombwa humpandisha mabegani, lakini kabla ya lango la shule humteremsha, kwa hiyo mtoto huingia darasani kwa miguu yake, mbele ya wenzake, kama mtu aliyefika mwenyewe.

Zamani za wazee wetu kazi hii iligawanywa vingine. Baba alikuwa mtu wa zizi, wa ulinzi na wa neno la mwisho. Mtoto mchanga alikuwa wa mama, wa nyanya, na wa dada aliyejua kumfunga mgongoni. Hatukuwa peke yetu. Sara Harkness na Charles Super, watafiti wa Kimarekani waliokaa miongoni mwa Wakipsigis wa Kenya katika miaka ya 1970, waliandika kwamba ilikuwa nadra sana baba kumlisha au kumvisha mtoto mdogo. Sioni sababu ya kuwalaumu wanaume hao. Walilea kwa njia ya ng'ombe na shamba, na watoto walikua. Lakini asiniambie mtu kwamba mikono ya mwanamume wa Kiafrika haikuumbiwa mtoto mchanga. Barry Hewlett, aliyeishi na Waaka, wawindaji wa misitu ya Jamhuri ya Afrika ya Kati, alieleza katika kitabu chake cha 1991 kwamba baba wa Kiaka huwa karibu na mtoto wake mchanga, kiasi cha kumfikia kwa mkono, kwa takriban nusu ya saa 24. Hao nao ni Waafrika, nao wamerithishana desturi hiyo.

Sheria zetu pia zimesogea. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwanamume aliyeajiriwa likizo ya wiki mbili yenye mshahara kamili mtoto wake anapozaliwa, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, inaweka wajibu wa kumlea mtoto juu ya mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Mkulima mwenye pikipiki hana wa kumpa likizo. Siku asiyoendesha ni siku asiyolipwa, na siku za namna hiyo yeye huzitumia, kwa mfano, kwenda kliniki.

Chanjo ya malaria ilizinduliwa katika kaunti jirani ya Homa Bay, Septemba 2019, na Migori ikawa miongoni mwa kaunti za kwanza kuitoa. Ratiba ilipoanza ilikuwa na dozi nne: mtoto akiwa na miezi 6, 7, 9, kisha 24. Tazama pengo lililo kati ya ya tatu na ya nne. Ni mwaka na zaidi, mtoto ametembea, amenenepa, na ni rahisi nyumba nzima kusahau kwamba kuna deni. Kwa watoto wakubwa, baba huyu aliandika tarehe kwa chaki juu ya mlango, kwa ndani, mahali anapoinua macho kila anapotoa pikipiki. Akasogeza mambo mengine yote pembeni siku ile ilipofika. Kumbukumbu ya aina hiyo haionekani kwa mgeni, wala haipigiwi makofi, nami naiweka juu kabisa katika ufundi wake.

Kisha kuna tumbaku. Kuria ni nchi ya tumbaku, na jani hilo limelipa karo nyingi. Lakini jani bichi lenye umande huachia nikotini, nayo hupenya ngozini na kumletea mchumaji kizunguzungu na kutapika. Mtoto mwenye mwili mdogo huumia zaidi. Na likishachumwa hukaushwa kwa moto unaotaka kukeshewa. Baba anayekesha bandani usiku hana uwezo wa kuzungusha uji asubuhi akiwa na subira. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani, pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Mpango wa Chakula Duniani, walianza Migori mradi wa kuwawezesha wakulima kuacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Baba huyu aliacha kwa hesabu zake mwenyewe. Alinieleza kwa kifupi: tumbaku ilikuwa inamnyima shamba la kuingia na watoto.

Maana shambani ndiko anakolea kwa upana. Mvua za masika zilipokaribia alipiga mashimo ya mahindi kwa jembe, na nyuma yake akamweka msichana wake mwenye bakuli la mbegu. Kazi yake ilikuwa kudondosha mbili katika kila shimo. Mstari wa kwanza aliujaza kwa viganja. Shimo moja tano, jingine saba, na jingine halikupata kitu kwa sababu bakuli lilikuwa zito na lilimkalisha. Watu wazima tungefanya mojawapo ya mawili: kumkaripia, au kumshukuru na kumtuma nyumbani kuchota maji.

Yeye aliweka jembe chini, akalitazama bakuli, akalichukua. Hakusema kwamba kuna kosa. Alijaza mbegu mfuko wa shati lake, na tangu hapo, kila alipopiga shimo, alinyoosha mkono nyuma na kumtilia binti yake mbegu mbili kiganjani. "Haya, mama." Shimo, mbegu mbili, shimo, mbegu mbili. Amemwita mama tangu azaliwe, kwa kuwa amebeba jina la nyanya yake mzaa baba. Kasi ya jembe ilishuka, ikalingana na hatua za mtoto wa miaka sita, na kwa kitambo nilichosimama pale haikupanda tena. Kufika katikati ya mstari wa pili msichana alianza kuhesabu kwa sauti. Mstari wa nne alidai mbegu nne kwa mpigo, za mashimo mawili, na akazigawa sawasawa. Jioni baba akamrudishia bakuli.

Nimerudia sana kuwaza kitendo kile. Kazi ilipomshinda mtoto, aliipunguza hadi ikatoshea kiganja chake, kisha akaiongeza kadiri kiganja kilivyozoea. Mwalimu wa chuo angehitaji sura nzima kuyaeleza hayo. Yeye aliyafanya akiwa ameinama, jua likiwa mgongoni, shamba likimngoja.

Mahindi yalipoota, mstari wa kwanza ulionekana toka barabarani, umesongamana kama kichaka. Siku ya kupunguza miche alikwenda na msichana, akamwonyesha namna ya kung'oa iliyo dhaifu na kubana udongo ili ile inayobaki isitikisike. Msichana aling'oa vizuri hadi alipofika kwenye shimo moja lenye miche mitano yote imara. Hapo akagoma. Alisema hiyo ni ya kwake, na haing'olewi.

Baba alichuchumaa, akaitazama kwa makini.

"Itagombania chakula," akamwambia.

"Nitaiongezea."

Ndivyo ilivyoachwa, mitano, na siku ya kuweka mbolea alimpimia binti yake kifuniko kimoja cha chupa zaidi ya mashimo mengine, akamwachia aimwage mwenyewe.