Leso na Mvaaji Wake

Wako watu wasemao ya kwamba afuataye mtindo wa mavazi ameiacha nafsi yake, kwani avaa kile ambacho kiwanda kimekwisha kumchagulia. Neno hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote, na leso ya pwani yaonyesha upungufu wake.

Tuisome leso kama tusomavyo shairi. Ina pindo lizungukalo pande zote nne, ina mji katikati, na karibu na upindo wa chini ina jina, yaani maneno yaliyopigwa chapa. Huuzwa kwa jozi, na jozi za sura moja ni nyingi mno. Mvaaji hakuichora wala hakuyatunga maneno yale. Nafsi yake imo wapi basi?

Tutwae mithali hii iwe ndiyo jina: "Wema hauozi." Binti akimpa mama yake leso hiyo, maneno ni shukrani. Mwanamke akijifunga hiyo hiyo na kupita mbele ya jirani aliyesahau fadhila zake, maneno yamekuwa lawama. Chapa ni moja, maana ni mbili, na hiyo ya pili haikutoka kiwandani. Kujua wakati wa kuivaa, na mbele ya nani, ndiko kutunga kwake. Lakini fumbo lataka mfumbuzi. Pasipo majirani waijuao lugha ile, leso haisemi kitu. Hivyo upekee wa mvaaji wategemea ushirika wake na wenziwe.

Historia nayo yathibitisha. Huko Unguja, baada ya amri ya kufuta utumwa ya mwaka 1897, wengi wa wanawake waliokuwa wamezoea merikani na kaniki, nguo za watumwa, walijinunulia leso, ambazo huko huitwa kanga. Kwao kufanana na waungwana hakukuwa kupotea, bali kuhesabiwa watu.

Hata hivyo tusiisifu leso kupita kiasi. Asemaye kwa leso hawezi kusema ila lililokwisha kuchapwa; na mwenye fedha ana majibu mengi, hali maskini hunyamaza. Kwa hiyo, ewe msomaji, usimpime mwenzako kwa upya wa nguo yake, wala usimdharau kwa sababu amevaa kama wengine. Uliza kwanza amekusudia kusema nini, na kama alikuwa na njia ya kuchagua.