Kuhusu istilahi «saa za eneo»

Watumiao simu au kompyuta kwa Kiswahili wameizoea istilahi «saa za eneo», iliyoteuliwa kutaja ukanda wa saa. Sisi hatuipokei bila sharti. Msomaji aweza kuielewa kwa namna mbili: tofauti ya saa baina ya mahali na mahali, au jinsi wenyeji wanavyozihesabu saa zao. La kwanza ni la jiografia na sheria. La pili ni la lugha.

Tuitazame nchi yetu. Kinshasa huitangulia saa ya UTC kwa saa moja, Lubumbashi kwa saa mbili. Ikiwa ni 5:00 kwa UTC, Kinshasa ni 6:00, yaani saa kumi na mbili asubuhi, na Lubumbashi ni 7:00, saa moja asubuhi. Dakika ni ileile. Ndiyo maana programu hutumia majina mawili, Africa/Kinshasa na Africa/Lubumbashi. Mtungaji anayeuliza nchi asiulize mji amekwisha kukosea. Lakini hakuna ukanda uitwao Kiswahili.

Mwanafunzi mmoja alituonyesha programu ya ratiba ya mabasi ambamo aliondoa saa sita katika kila wakati uliohifadhiwa, ili apate, kwa maneno yake, «saa za eneo». Kwa safari za mchana hapakuwa na tatizo. Basi la Jumanne saa kumi na moja alfajiri, yaani 5:00, likageuka kuwa la 23:00 Jumatatu, na programu ikaandika: Jumatatu, saa kumi na moja. Msafiri angefika siku nzima kabla ya basi. (Saa ilikuwa sahihi, ndiyo sababu kosa halikuonekana upesi.) Saa sita zile ni za usemi. Ziondolewe kwenye tarakimu inayosomwa tu, tarehe ikiwa imekwisha kupatikana, wala si kwenye wakati wenyewe.

Lugha ililijua tatizo hili kabla ya mashine. «Usiku wa Ijumaa», kwa Waislamu wa pwani ambao siku yao huanza magharibi, ni usiku uitanguliao Ijumaa. Kwa wengine ni ule uifuatao. Msemo «usiku wa kuamkia Ijumaa» huondoa shaka hiyo, nao wafaa kuingizwa katika programu.

Twapendekeza basi «ukanda wa saa» kwa jambo la kwanza, na «hesabu ya saa» kwa la pili, kila moja likiwa na chaguo lake katika mipangilio ya mashine.